Redio Ikinyamaza, Sisi Tuanze

  

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kitu ambacho nyumba nyingi zinacho, nacho husema tangu alfajiri mpaka usiku bila kuchoka. Kitu hicho ni redio. Hatutazungumza juu ya nyimbo wala matangazo ya vifo. Tutazungumza juu ya vile vipindi ambavyo mtangazaji huketi na mgeni, pengine mwandishi wa vitabu, mwalimu wa chuo kikuu, daktari au mwanasheria, akamwuliza maswali juu ya maisha yetu: ndoa, malezi, mila, urithi, lugha na magonjwa. Mahojiano hayo wengi wetu tunayasikia. Je, tunayasikiliza?

Jioni moja tulipita kwa jirani kuazima chekeche. Tulimkuta jikoni anakoroga mtori, redio ndogo iko dirishani, na mtaalamu mmoja wa lugha anahojiwa. Alikuwa akieleza kwamba watoto wengi siku hizi hawawezi kuzungumza na bibi zao, kwa kuwa lugha ya bibi hawaijui. Mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka tisa aliyezaliwa Dar es Salaam, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake akauliza, "Mama, kwa nini mimi sijui Kimachame?"

Mama yake akajibu, "Hebu nyamaza, usome. Hayo ni mambo ya wasomi."

Sisi tulicheka, tukachukua chekeche, tukaondoka. Lakini njiani swali la yule mtoto lilitufuata. Mtoto alikuwa amefanya jambo lile lile ambalo mtangazaji alikuwa akilifanya redioni: alisikia neno, likamgusa, akauliza. Mtangazaji anapouliza tunamwita hodari. Mtoto anapouliza tunamwambia anyamaze.

REDIO YA BABA

Hebu tukumbuke tulivyolelewa. Sisi tulio katika miaka ya arobaini tulikuta redio nyumbani ikiwa mali ya baba. Iliwekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Betri zilipolegea zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Ilipofika saa ya taarifa ya habari Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba nzima ilinyamaza. Mama alikuwa jikoni. Alisikia nusu ya maneno, nusu nyingine ikamezwa na moshi na mlio wa sufuria.

Habari zilipokwisha, mara nyingi yalianza mazungumzo. Mtu mwenye elimu alieleza jambo fulani la nchi au la dunia. Hapo baba aliizima redio, kwa kuwa betri ni ghali. Wala hatumlaumu baba. Kweli zilikuwa ghali. Lakini sisi wasichana tulijifunza mapema kwamba maneno ya wataalamu hayakuandaliwa kwa ajili ya mtu aliye jikoni.

Leo mambo yamebadilika. Tangu miaka ya 1990, serikali iliporuhusu watu binafsi na mashirika kuanzisha vituo vya utangazaji, redio zimekuwa nyingi. Mama anaweza kuwa na redio yake ndani ya simu, akaisikiliza akikamua ng'ombe au akipukuchua mahindi. Hakuna tena wa kumzimia. Hata hivyo, lile fundisho la zamani bado liko ndani yetu. Mtaalamu akianza kusema, wengine tunahamia kwenye muziki. Wengine tunasikiliza na kuamini kila kitu kwa sababu "redio imesema". Hizo njia mbili zinafanana, kwa maana zote mbili hazina swali ndani yake.

MAMA ZETU WALIFANYAJE MWAKA 1973?

Msidhani kwamba kusikiliza na kuuliza ni jambo geni kwetu. Wale wazee wetu walio hai wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na vipindi vyake vilirushwa na Radio Tanzania kwa wiki kumi na mbili. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza, nchi nzima. Kwa wakati ule, ambapo vijiji vingi vilikuwa na redio chache za kuhesabika, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Tuangalie walivyofanya. Watu walikusanyika pamoja na kiongozi wao aliyekwisha kufundishwa. Walikuwa na kitabu cha kusoma. Walisikiliza kipindi, kikihusu labda malaria, minyoo, kuhara, kichocho au kifua kikuu. Kisha redio ilizimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kiongozi aliuliza: Je, ugonjwa huu uko hapa kwetu? Unatokana na nini? Sisi tutafanya nini wiki hii? Waliporudi nyumbani walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi na kuchemsha maji ya kunywa.

Sisi wauguzi tunapoisoma habari hiyo tunajifunza jambo moja. Siyo redio iliyochimba vyoo. Watu walivichimba kwa sababu baada ya kusikia walipewa nafasi ya kusema, na mtu aliyesema mbele ya wenzake kwamba atachimba, aliona haya kutochimba.

Hapa kwetu Kilimanjaro tuna historia nyingine ya kujivunia. Studio ya Sauti ya Injili ya Moshi ilianza kutengeneza vipindi vya Kiswahili katika miaka ya 1960. Kanda zilisafirishwa mpaka Addis Ababa, Ethiopia, na kutoka huko redio ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1963 ilivirusha kwa masafa mafupi. Mtu wa Masama aliweza kusikia sauti iliyorekodiwa Moshi, chini tu ya mlima, ikija kwake kutoka Ethiopia! Redio ile haikuwa na mahubiri peke yake. Sehemu kubwa ya vipindi ilikuwa elimu na habari, kwa kuwa waliianzisha wakiamini kwamba Injili inamhusu mtu mzima, mwili na akili pia. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile. Lakini studio ya Moshi haikufa, na baadaye Sauti ya Injili ikapata mitambo yake yenyewe ya kurushia matangazo hapa hapa nyumbani.

KITABU KILICHOFUNGUA MDOMO

Wengine mtasema, "Hayo ya vyoo tumeelewa. Lakini mahojiano juu ya vitabu yanatusaidia nini sisi wenye kazi nyingi?" Swali zuri. Tuwasimulie.

Siku moja tulisikia redioni wasomi wakizungumza juu ya riwaya ya Rosa Mistika. Kitabu hicho kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, kikatoka mwaka 1971. Kwa muda kilizuiwa mashuleni, kwa kuwa kinaeleza wazi mambo ambayo watu wazima huyanong'ona. Mwandishi alifariki mwaka 2020, lakini kitabu chake kinaendelea kuzungumzwa.

Kwa kifupi, Rosa ni binti wa mzee Zakaria, baba mlevi na mkali. Baba anapogundua kwamba binti ameandikiwa barua na mvulana, anampiga vibaya. Rosa anakua bila kuruhusiwa kusema na mvulana yeyote, wala hakuna anayekaa naye kumfundisha. Anapofika shuleni, mbali na fimbo ya baba, hana kinga yoyote, anaangamia. Wasomi wale walikuwa wakijadili kosa ni la nani. Ni la Rosa? Ni la baba? Au ni la mama yake, Regina, aliyekuwa akipigwa yeye mwenyewe?

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani alikisikia kipindi hicho akiwa na binti yake wa kidato cha pili, wote wawili wakichambua maharage. Alikuwa amekwisha kuona mambo. Kijana mmoja mwenye pikipiki alikuwa akimshusha binti njia panda jioni, na kulikuwa na simu ndogo iliyofichwa chini ya godoro. Mama alijua, lakini aliogopa kusema. Alifikiri akisema baba atasikia, na baba akisikia itakuwa fimbo, kama kwa mzee Zakaria.

Kipindi kilipokwisha aliizima redio. Anatuambia mikono ilikuwa ikimtetemeka. Hakumwuliza binti juu ya simu. Alimwuliza hivi: "Mwanangu, wewe unaona kosa lilikuwa la nani?"

Binti alikaa kimya muda mrefu, akiendelea kutoa mawe kwenye maharage. Kisha akasema, "La wote, mama. Lakini mama yake angeweza kumwuliza."

Siku ile walizungumza mpaka giza likaingia. Binti alisimulia mwenyewe habari za yule kijana, na za zawadi alizopewa, na za mambo aliyoanza kudaiwa kwa ajili ya zawadi zile. Yalikuwa hayajafika pabaya, lakini yalikuwa njiani. Simu ilirudishwa. Baba aliambiwa siku nyingine, kwa utaratibu, na shangazi akiwepo. Alikasirika, ndiyo, lakini hakupiga. Mwaka huo binti aliendelea na masomo.

Mnaona, akina mama? Kama mama yule angeanza na simu, binti angejitetea au angekimbia. Kitabu kiliwapa mtu wa tatu wa kumzungumzia. Ni rahisi kuzungumza kwanza juu ya Rosa, kisha polepole tukafika kwetu. Ndiyo faida ya waandishi kuhojiwa redioni. Wanaleta nyumbani kwetu watu ambao si majirani, tukaweza kuwachambua bila kumsengenya mtu.

SI KILA MGENI NI MTAALAMU

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao unatuumiza kuusimulia.

Tulikuwa na mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwenye presha, akinywa vidonge vyake vizuri kwa muda mrefu. Asubuhi moja alisikia mahojiano. Mgeni alitambulishwa kama mtaalamu wa tiba. Alisema vidonge vya hospitali vinaua figo, na kwamba unga wake wa mizizi unasafisha damu na kuiondoa presha kabisa. Akataja bei. Akataja namba ya simu. Mtangazaji hakumwuliza swali hata moja gumu. Alimshukuru tu na kumkaribisha tena.

Mama yule aliuza kuku, akanunua unga, akaacha vidonge. Wiki kadhaa alijiona mzima. Hapo ndipo presha inapodanganya watu, maana mara nyingi haiumi, na mtu huweza kutembea na presha ya juu sana bila kujua. Siku moja alfajiri alianguka kwenye banda la ng'ombe. Kilikuwa kiharusi. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haujarudi kama zamani. Hawezi tena kushuka tambarare kukata majani, na ng'ombe wameuzwa.

Alipoweza kusema aliniangalia mimi na mwenzangu tuliokuwa zamu akauliza, "Nesi, mbona walisema redioni?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba presha isiyotibiwa ndiyo huharibu figo, moyo na ubongo. Lakini hayo tungalimwambia mapema. Alikuwa akija kliniki kila mwezi, tunampima, tunaandika, tunampa dawa, tunaita mwingine. Hatukumwuliza hata siku moja, "Mama, umesikia nini juu ya dawa hizi?" Yule mwuzaji wa unga alizungumza naye nusu saa nzima. Sisi tulizungumza naye dakika mbili. Kosa hilo ni letu pia, na tangu siku ile tumeanza kuuliza.

Kwa hiyo, mama msomaji, mgeni wa redio anapoingia nyumbani kwako kwa sauti, mpime kama unavyompima mgeni anayebisha hodi usiku. Jiulize:

Je, ametajwa anafanya kazi gani, wapi, na amesomea nini? Au ameitwa "mtaalamu" tu?

Je, anaeleza amejuaje hayo anayoyasema? Mtu wa kweli husema, "Tuliwachunguza watu kadhaa, tukaona hivi," au "Nimeishi na wazee hawa miaka mingi."

Je, kuna mahali anasema, "Hapo sijui"? Anayejua kila kitu tumwogope.

Je, anauza kitu? Mwandishi kutaja kitabu chake si kosa. Lakini anayekutia hofu kwanza kisha akakupa namba ya simu ya kununulia dawa, huyo yuko sokoni.

Je, anakutaka uache dawa, umwache mume, au uuze shamba bila kushauriana na mtu mwingine? Usifanye hivyo. Dawa ya presha, ya kisukari, ya kifafa au ya virusi vya UKIMWI isiachwe kamwe kabla hujazungumza na waliokuandikia.

SIKU TULIPOULIZWA SISI

Isionekane kwamba tunawanyoshea kidole wengine tu. Sisi wenyewe tuliwahi kualikwa katika redio moja ya huku kwetu, tueleze juu ya kunyonyesha. Tulijiandaa vizuri. Tulisema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Tuliona tumemaliza kazi.

Kisha simu zikafunguliwa. Mama mmoja akasema kwa upole, "Nesi, asante kwa somo. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kukata majani tambarare, narudi saa nane. Mtoto namwacha na mama mkwe. Hayo maziwa peke yake atayapata wapi?"

Tulijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Tulikuwa na elimu, lakini hatukuwa tumeifikisha mpaka kwenye njia ya yule mama. Tulishukuru kwamba aliuliza, kwa kuwa swali lake ndilo lililotulazimisha kusema jambo lenye msaada: kwamba anaweza kunawa mikono, akakamua maziwa yake kabla ya kuondoka, akayaweka katika chombo safi chenye kifuniko mahali penye ubaridi, na mama mkwe akamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri, siyo kwa chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha. Na akirudi amnyonyeshe mara nyingi, usiku pia.

Siku ile tulijifunza kwamba mtaalamu humhitaji mwulizaji. Bila swali la yule mama, kipindi chetu kingekuwa kizuri cha kusikia na kibovu cha kutumia. Tena ushauri wenyewe hubadilika elimu inapoongezeka. Zamani Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema miezi minne hadi sita. Tangu mwaka 2001 linasema miezi sita kamili. Bibi anayekwambia, "Sisi tulianza uji miezi minne," hasemi uongo. Ndivyo alivyofundishwa. Mweleze kwa heshima kwamba elimu imeongezeka, usimfokee.

WAULIZENI NA WAZEE

Kuna jambo jingine tusilisahau tunaposikia wataalamu wa mila na utamaduni. Mengi wanayoyajua waliyatoa kwetu. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumika hapa Masama na baadaye Old Moshi, aliketi na wazee wa Kichagga akiwauliza juu ya ukoo, kihamba, ndoa na hukumu. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa cha Kijerumani juu ya sheria za Wachagga. Wasomi wa mbali walikisoma kitabu hicho, lakini majibu yalitoka vinywani mwa wazee waliokaa chini ya migomba kama hii yetu. Hayakuwa mahojiano ya redio, lakini yalikuwa mahojiano.

Basi mtaalamu anaposema redioni juu ya desturi zetu, usimwache bibi nje ya mazungumzo. Pengine atamkubali yule mtaalamu, pengine atamsahihisha. Mtoto akimsikia bibi anamsahihisha msomi, ataanza kumheshimu bibi kwa namna nyingine. Na pale desturi inapoumiza, kama kumnyang'anya mjane kihamba alichokitunza, au kumkeketa binti, hapo pia tuongee na wazee kwa uwazi. Desturi nyingi mbaya zimeendelea kwa sababu hakuna aliyeuliza zinafanywa kwa nini.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Tunajua una kazi nyingi. Hatukutaki uongeze mkutano mwingine katika juma lako. Jaribu mambo haya machache.

Chagua kipindi kimoja tu cha mahojiano kwa wiki, saa ambayo mikono ina kazi na masikio yako huru. Kipindi cha kushona, cha kukoboa mahindi au cha kumenya ndizi kinafaa sana.

Kikiisha, zima redio kwa dakika kumi. Muulize kila aliyepo swali moja: "Umesikia nini? Unakubali?" Anza na mtoto mdogo, kwa kuwa akianza mkubwa, mdogo atarudia tu maneno yake.

Weka daftari la maswali. Yale ya afya yapeleke kliniki. Yale ya imani mpelekee mchungaji au mwinjilisti. Yale ya shamba mwulize bwana shamba. Yale ya urithi na sheria uliza katika ofisi ya kata au kwa wasaidizi wa sheria. Usione haya kusoma swali kutoka kwenye karatasi.

Kama redio ina namba ya kupiga au kutuma ujumbe, itumie. Swali lako ni la akina mama mia wasiokuwa na salio.

Mshirikishe baba. Siyo kwa kumwambia, "Redio imesema wewe unakosea." Hapo umewasha moto. Mwambie, "Baba, leo nimesikia jambo, nikatamani nijue wewe unalionaje." Baba wengi wana mawazo mazuri ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na katika kikundi chenu cha akina mama, baada ya maombi, tengeni robo saa. Mmoja asimulie alichosikia, wengine waulize. Hata asiyejua kusoma atashiriki, kwa kuwa redio haimdai mtu cheti.

Kabla hatujaagana, tukumbuke habari ya Bwana Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Mariamu na Yusufu walimtafuta siku tatu, wakamkuta hekaluni katikati ya walimu. Luka anatuambia kwamba alikuwa akiwasikiliza, tena akiwauliza maswali. Mariamu naye, ingawa alikuwa amechoka na ana uchungu, alimwuliza mwanawe kwa nini amewatenda hivyo, akasikia jibu lake, na asilolielewa aliliweka moyoni. Hapo tunamwona mtoto anayeuliza na mama anayeuliza.

Na yule jirani yetu wa chekeche? Tuliporudisha chekeche tulimwambia yaliyokuwa yakitusumbua. Hakukasirika. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimchukua mwanawe mpaka kwa bibi yake, kihamba cha juu, akamwambia bibi, "Mama, mjukuu wako ana swali." Tunasikia sasa huenda kila Jumamosi kumsaidia bibi kulisha mbuzi, na hulipwa neno moja jipya kila siku. Juzi alitusalimu njiani kwa Kimachame. Alikosea kidogo, akacheka, akauliza lipi ndilo sahihi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Amani iwe nyumbani mwako.